Wali Maharage Mbili: Upatanisho wa Ngeli katika Lugha ya Migahawa, Kiseke, Mwanza

Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 ili kusimamia Kiswahili sanifu, wachunguzi wa lugha hii wamepata mifano yao mingi kutoka mahali pawili: katika maandishi, na katika vinywa vya wenyeji wa pwani na visiwani. Njia hiyo ilikuwa na sababu zake, kwa maana Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa usanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Walakini iko sehemu kubwa ya Kiswahili isiyopatikana vitabuni, nayo husemwa kila siku na watu ambao lugha ya mama zao ni nyingine. Sehemu hiyo imezoea kuhesabiwa kuwa ni Kiswahili kilichoharibika. Makala haya yachukua fungu moja dogo la Kiswahili hicho, yaani lugha itumikayo mahali pa kula chakula cha kununua, na kuonyesha kwamba lile linalodhaniwa kuwa kosa ni kanuni kamili.

Mahali palipochaguliwa ni Kiseke, kata mojawapo ya Manispaa ya Ilemela, ambayo pamoja na Nyamagana ndiyo hufanya jiji la Mwanza. Kiseke si mji wa kale. Ni mahali pa makazi yaliyokua upesi nje ya kitovu cha jiji, wakakutana humo Wasukuma wenye nchi na watu waliotoka Mara, Kagera, Kilimanjaro, Kigoma na kwingineko. Mkusanyiko wa namna hiyo wafaa sana kwa uchunguzi, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi hawana lugha nyingine ya kupatana ila Kiswahili, na kila upungufu wa maelewano huonekana mara moja katika sahani au katika malipo.

I. Majina ya mahali

Neno la kawaida la mahali pa kula ni hoteli. Lilichukuliwa kutoka Kiingereza, lakini maana yake ya asili, yaani nyumba ya kulala wasafiri, imebaki kwa majengo makubwa tu. Kwa watu wengi hoteli ni chumba chenye meza na mabenchi, watu wanywamo chai na kula wali; mahali pa kulala ni gesti au nyumba ya wageni. Mgahawa, ambao pengine hutamkwa mkahawa na hasa Kenya, hutumika zaidi katika mabango na katika karatasi za serikali. Neno hili latokana na jina la Kiarabu la kahawa, likatiwa katika ngeli ya M-MI, na kwa hiyo wingi wake ni migahawa. Grosari nayo imeiacha kabisa maana iliyokuwa nayo katika Kiingereza: si duka la vyakula, bali ni mahali padogo pa kunywea bia.

Jina lenye mafunzo zaidi ni mama ntilie. Asili yake si jina bali ni sentensi nzima ya mnunuzi: “Mama, nitilie.” Kitenzi ni tia katika hali ya kutendea, ambamo ile l iliyopotea katika shina hurudi: tia, tilia, kama vile kaa hutoa kalia na chukua hutoa chukulia. Irabu ya kiambishi ni- imedondoka katika matamshi ya haraka, ikabaki n peke yake. Hivyo ombi la mwenye njaa limegeuka kuwa jina la kazi. Baadaye lilitokea jina mama lishe, ambalo huonekana kuwa la heshima zaidi, kwa kuwa lishe, litokanalo na lisha, lamtaja mwanamke huyo kwa faida aitoayo badala ya amri apewayo. Na wanaume walipoingia katika kazi hiyo, jina baba lishe likaundwa bila taabu. Yafaa kukumbuka asili ya mama ntilie, kwa sababu yaonyesha kwamba katika lugha hii sentensi ya kuagiza ndiyo chimbuko la majina. Ndivyo ilivyo pia kwa vyakula vyenyewe.

II. Kuunganisha majina ya vyakula

Vitabu vya sarufi hufundisha kwamba jina huunganishwa na jina kwa -a ya uhusiano, au kwa na, au kwa kihusishi kwa. Namna hizo zote zimo katika migahawa ya Kiseke, na kila moja ina kazi yake. Ile -a hutaja kitu kilichotumika kupika au namna ya kupika: supu ya kuku, chai ya maziwa, sato wa kuchoma, mkate wa kumimina. Na hutaja vitu viwili vilivyo mbali mbali: chai na maandazi. Kwa hutaja chakula na kitoweo chake: wali kwa kuku, ugali kwa dagaa.

Iko namna ya nne, nayo ndiyo itumikayo zaidi, ambayo majina mawili huwekwa sanjari pasipo kiungo chochote: wali maharage, wali nyama, ugali samaki, ugali dagaa, chipsi mayai. Si sahihi kusema kwamba namna hii ni ufupisho wa wali na maharage. Mtu akisema amekula wali na maharage, ametaja vyakula alivyokula, na huenda amevila nyumbani kwake. Akisema “wali maharage”, ametaja kitu kimoja kiuzwacho kwa bei moja. Yaani majina mawili yamekuwa jina moja, kama mwana na nchi yalivyokuwa mwananchi. Ushahidi wake ni kwamba jina hilo hukataa kutenganishwa: sifa ya chakula kizima huja mwisho, si katikati. Tena jina hilo laweza kupata badala yake ya neno moja. Chipsi mayai huitwa zege katika maneno ya mitaani, kwa kufananishwa na mchanganyiko wa waashi.

III. Swali la hesabu

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mhudumu wa mgahawa apelekapo agizo jikoni, husema: “Wali maharage mbili.” Mwalimu wa sarufi atashtuka. Wali u katika ngeli ya U, na maharage yamo katika ngeli ya LI-YA, ambayo ingedai mawili. Mbili haipatani na jina lolote kati ya hayo mawili. Kadhalika husemwa “mtori mbili”, hali mtori u katika ngeli ya U-I, na “ugali maharage moja”, wala si mmoja.

Maelezo matatu yaweza kutolewa. La kwanza ni lile la zamani, kwamba wasemaji wa bara, waliokuja na lugha zao, hawazijui ngeli za Kiswahili. Maelezo haya hayasimami. Kisukuma chenyewe ni lugha ya Kibantu yenye ngeli nyingi na upatanisho mkamilifu. Hakuna sababu ya Msukuma kujifunza uvivu wa ngeli kutoka kwa lugha ya mama yake. Tena kinywa kile kile hutamka katika pumzi moja: “Wali maharage mbili na maandazi mawili.” Asemaye mawili kwa maandazi hawezi kudaiwa kwamba hajui neno hilo.

La pili ni kwamba mbili hapo si sifa ya jina lolote, bali ni tarakimu tupu, kama mtu ahesabuvyo moja, mbili, tatu. Maelezo haya yana nguvu zaidi, kwa maana tarakimu za kuhesabia na zile za ngeli ya I-ZI zafanana kwa sura. Lakini jaribio moja layaangusha. Mnunuzi akitaka kuongezewa, husema: “Naomba wali maharage nyingine.” Na mhudumu aliyeshika sahani mkononi huuliza: “Wali maharage hii ya nani?” Nyingine, hii na ya si tarakimu, ni viambishi vya ngeli ya I-ZI vilivyo wazi. Kwa hiyo upatanisho upo, nao ni wa ngeli ya I-ZI.

La tatu, basi, ni kwamba limo jina lisilotamkwa, nalo ni sahani: “wali maharage, sahani mbili.” Kwa vyakula vya sahani maelezo haya yatosha. Lakini uji haunywewi kwa sahani. Kama kanuni ingekuwa kupatana na chombo kilichofichwa, mtu angesema “uji viwili”, kwa ajili ya vikombe. Hakuna asemaye hivyo. Husemwa ama “uji vikombe viwili”, chombo kikitajwa, ama “uji mbili”, kisipotajwa. Kwa hiyo yapasa kusema kwamba huenda sahani ndiyo iliyofungua mlango, lakini sasa ngeli ya I-ZI imepata kazi iliyo pana zaidi: imekuwa ngeli ya kiasi kiuzwacho. Wali, ugali, uji na mtori kwa asili havihesabiki. Hakuna wingi wa ugali. Mara vigawanywapo kwa kiasi cha mnunuzi mmoja, hupata umoja na wingi ambao havikuwa nao, na ngeli ya kuubeba umoja huo ni I-ZI.

IV. Maana inayobebwa na ngeli

Kama jambo hili lingekuwa la sura tu, lisingestahili kurasa nyingi. Umuhimu wake ni kwamba tofauti ya ngeli hubeba tofauti ya maana, na tofauti ya malipo pia. Mifano miwili yatosha.

“Chipsi mayai mbili” ni sahani mbili za chipsi mayai, za watu wawili. “Chipsi mayai mawili” ni sahani moja iliyopikwa kwa mayai mawili. Katika sentensi ya kwanza hesabu ni ya chakula kizima. Katika ya pili hesabu imeshikamana na mayai, nayo hufuata ngeli ya mayai. Vivyo hivyo “ugali sato mbili” ni sahani mbili, na “ugali sato wawili” ni ugali mmoja wenye samaki wawili. Mpishi hutofautisha maagizo hayo kwa kiambishi kimoja tu, naye hakosei. Mwalimu amsahihishaye mwanafunzi na kumwambia aseme “chipsi mayai mawili” kila mara, kwa nia njema ya kuhifadhi upatanisho, amemwondolea njia ya kusema jambo moja kati ya hayo mawili.

Kanuni hiyo hudhihirika zaidi mahali ambapo haiwezi kufanya kazi. Katika “wali nyama mbili” jina la pili limo katika I-ZI tangu asili, na sikio halina la kushika. Hapo hutegemewa maarifa ya chakula chenyewe. Kwa kuwa nyama haihesabiwi ila kwa vipande, mbili hufahamika kuwa ni sahani. Na mwenye kutaka nyama zaidi hana budi kutaja vipande viwili. Bali katika “supu chapati mbili” mambo hugeuka: chapati huhesabika zenyewe, na agizo hilo kwa kawaida hufahamika kuwa ni supu moja na chapati mbili. Atakaye supu mbili huzitaja mbali: “Supu mbili, kila moja na chapati.” Kwa hiyo tarakimu hutafuta kwanza kitu kihesabikacho kilicho karibu nayo, na isipokipata hurudi kwa chakula kizima.

V. Mikate na vitu vitamu

Kanuni iliyotajwa yapata uthibitisho katika vitu vya bekari na vya meza za asubuhi, maana hivyo karibu vyote huhesabika vyenyewe. Humo upatanisho wa kawaida haukuguswa hata kidogo: mkate mmoja, maandazi mawili, vitumbua vitatu. Muuzaji yule yule asemaye “wali maharage mbili” hasemi “vitumbua mbili”. Kama tatizo lingekuwa ujinga wa ngeli, lingeonekana hapa kwanza.

Majina yenyewe yana historia ndefu. Mkate ni neno la Kibantu. Andazi latokana na kitenzi andaa, na hapo kale lilitaja chakula kilichoandaliwa kwa ustadi kabla ya kushika maana ya sasa. Chapati na bagia yametoka Bara Hindi. Sambusa na pilau yana asili ya Kiajemi. Halwa ni ya Kiarabu, na kaimati, ambazo wengi huziita kalimati, zatokana na jina la Kiarabu lenye maana ya vitonge vidogo. Majina haya yalijulikana pwani zamani, na reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ule ule mwaka wa mkutano wa Mombasa, njia ya wafanyabiashara na wapishi kufika ziwani ilikuwa rahisi zaidi. Tabaka la mwisho ni la Kiingereza: keki, skonzi, slesi, aisikrimu. Maneno ya kigeni huingia kwa wingi katika I-ZI, na huenda jambo hili nalo limeisaidia ngeli hiyo kuzoeleka masikioni kuwa ngeli ya bidhaa. Lakini lugha haikukopa tu. Barafu ya kulamba kwa kijiti huitwa lambalamba, jina lililoundwa kwa kukariri kitenzi, wala hakuna kamati iliyolitunga.

VI. Samaki na ngeli zake

Mwanza ni mji wa samaki, na huko jina la kitoweo hueleza pia hali ya mlaji. Sato, samaki wa jamii ya Oreochromis, na sangara, Lates niloticus, wamo katika ngeli ya A-WA hata wakiwa wamepikwa: sato wa kukaanga, sangara mkubwa. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka sana katika miaka ya 1980, na viwanda vya kumkata vikajengwa mwambaoni. Samaki huyo alipokuwa bidhaa ya kupelekwa Ulaya, jina lake liligawanyika pamoja na mwili wake. Nyama yake nzuri ni minofu. Kibofu chake cha hewa ni bondo, wingi mabondo. Akitiwa chumvi na kukaushwa huitwa kayabo. Mifupa na kichwa vilivyobaki baada ya minofu kuondolewa ni mapanki.

Msomaji atatambua kwamba katika majina hayo yule mnyama ameondoka katika A-WA. Husemwa “mapanki haya”, si “mapanki hawa”. Na kilichomtoa katika ngeli ya viumbe si kifo, kwa maana sato aliyekufa na kuchomwa bado ni huyu, bali ni kugawanywa kwa ajili ya soko. Kanuni ni ile ile ya wali maharage: kitu kikipata kipimo cha kuuzwa, ngeli yake hufuata kipimo hicho. Mapanki yalikuwa kitoweo cha wale wasioweza kununua minofu. Upande wa Kenya mabaki hayo huitwa mgongo wazi, jina ambalo halihitaji kufafanuliwa, na sangara mwenyewe ni mbuta, kwa neno la Kijaluo. Dagaa wa ziwa hilo hilo ni omena huko Kenya na mukene huko Uganda. Ziwa ni moja, lugha ya soko ni moja, na majina ni matatu. Lakini kamusi impayo msomaji neno dagaa peke yake haimwambii hayo.

Kuna na majina ya Kisukuma ambayo yamekwisha kuwa Kiswahili cha Mwanza, kwa sababu hayana neno jingine. Viazi vitamu vikikatwa vibichi na kuanikwa huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa huitwa matobolwa. Kuvitaja vyote viwili “viazi vikavu” ni kupoteza tofauti ambayo kila mama wa Kisukuma huijua.

VII. Yapasayo kufanywa

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa kwanza mwaka 1981, zilipangwa kwa neno moja moja, kama ilivyo desturi ya kamusi. Mpango huo ni mzuri kwa wali na kwa maharage, lakini hauna nafasi rahisi kwa wali maharage, ambalo ni jina la tatu lenye ngeli yake. Mtu aliyejifunza Kiswahili kwa vitabu tu, akifika Kiseke, atakuwa na majina yote mawili na bado hataweza kuagiza chakula cha watu wawili pasipo kuchekwa.

Mambo mawili yangefaa kuangaliwa na watungao kamusi na sarufi. Kwanza, majina ya vyakula yaliyounganishwa bila kiungo yaandikwe kuwa vidahizo kamili, na ngeli yao, I-ZI, itajwe waziwazi. Pili, sarufi za shule zieleze tofauti ya mbili na mawili katika majina hayo, badala ya kuipiga mstari mwekundu. Uchunguzi nao waweza kuendelea mbele: yafaa kujua kama kanuni hii imefika Unguja na Mombasa kwa nguvu ile ile, au kama huko vyombo bado hutajwa, na kama vijana wa mijini wataendelea kusema “mayai mawili” pale wanapotaka mayai mawili. Siku watakaposema mbili kwa yote mawili, upatanisho utakuwa umepungua kweli, na mpishi atalazimika kuuliza swali ambalo leo halihitajiki. Mpaka hapo, asemaye “wali maharage mbili” hakuvunja sheria ya Kiswahili. Ameitumia sheria ambayo vitabu bado havijaiandika.